Samaki wa Sebuleni na Jiwe la Songo Mnara

Ndege aliyefungiwa tunduni bado anavuta hewa ile ile tunayoivuta sisi. Mbuzi aliyefungwa kamba uani bado anakanyaga ardhi iliyo pana. Samaki aliyetiwa katika tangi la kioo hana hata kimoja kati ya hivyo. Maji anayopumulia ndiyo hayo hayo anayotolea haja zake, na hakuna mkondo wa mto wala wa bahari wa kumwondolea taka. Kwa hiyo, anayeweka samaki wa mapambo nyumbani amejitwika jambo zito kuliko linavyoonekana pale sebuleni: ameichukua kazi ya mto.

Dini yetu haikukataza kumfuga mnyama kwa furaha ya watoto. Wanavyuoni wamelitolea hoja tukio la Abu Umayr, mtoto mdogo wa Madina aliyekuwa na kidege chake, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtania kwa upole na kumuuliza habari za kidege hicho, wala hakumkanya kwa kukifuga. Lakini dini hiyo hiyo imetufikishia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, akawa hamlishi wala hamwachi akajitafutia. Baina ya habari hizi mbili ndipo lilipo tangi la samaki: ruhusa ipo, na dhima ipo.

Nimelazimika kuyafikiri haya kwa sababu ya mpwa wangu anayeishi Dar es Salaam. Alimnunulia binti yake wa miaka minane tangi la lita 60 na samaki 8. Kabla wiki ya kwanza haijaisha walikufa watatu. Maji yalikuwa maangavu, chakula kilikuwapo, na chujio jipya lilikuwa likinguruma mchana na usiku. Mtoto akauliza, kama watoto waulizavyo: “Wamekufa kwa nini, na maji ni masafi?” Aliyewauzia samaki akamshauri baba atafute mawe meupe ya matumbawe, yale yenye matundu, ayatie ndani ya chujio. Ndipo ujumbe ukanifikia mimi, mzaliwa wa Songo Mnara: “Shikamoo mjomba. Ukija huku niletee mfuko mmoja wa mawe ya kwenu. Yamejaa pwani na kwenye magofu, hakuna atakayeyahesabu.”

Ombi hilo lilibeba maswali mawili. La kwanza ni la elimu: je, jiwe hilo linafaa? La pili ni la haki: je, ni letu la kuchukua? Nilimjibu yote mawili, na nayaandika hapa kwa kuwa matangi ya samaki yameingia katika nyumba nyingi, na wazazi wengi huulizwa swali lile lile la yule mtoto.

Tuanze na swali lake. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake na kwa haja zake, na chakula kinachobaki chini huoza kikazidisha amonia hiyo. Haionekani kwa macho, na kiasi kidogo tu huyaunguza mashavu ya samaki. Katika ziwa au mto, bakteria wasioonekana huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haikuzidi na ambayo mimea huila. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, waliidhihirisha kazi hii kuwa ni ya viumbe hai. Walipitisha maji taka polepole katika mchanga uliochanganywa na jiwe la chokaa. Baada ya siku kadhaa amonia ikaanza kutoka ikiwa nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, unaowalemaza viumbe, kazi ikasimama.

Basi maji ya mpwa wangu yalikuwa maangavu bila ya kuwa salama. Chujio lake lilikuwa jipya, yaani lilikuwa nyumba isiyo na wakazi. Wengi wetu hudhani chujio la samaki ni kama kung'uto la nazi: linazuia machicha, linapitisha tui. Kazi hiyo ipo, lakini ndiyo iliyo ndogo. Kazi kubwa ya chujio ni kuwapa makazi wale bakteria, wakae, wazaliane, na maji yawapitie daima. Anayechagua cha kutia ndani yake anachagua nyumba ya kuwapangisha wafanyakazi, na nyumba hutazamwa kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni nafasi. Bakteria hukaa juu ya uso wa kitu, kwa hiyo kitu chenye matundu mengi huwachukua wengi zaidi. Kokoto laini ya mtoni ina uso wa nje tu. Sponji, pete za kauri zinazouzwa kwa kazi hii, na mawe mepesi ya volkano, jamaa ya lile jiwe la kusugulia miguu, vyote vina uso wa nje na wa ndani. Vigae vya chungu cha udongo kisichopakwa rangi, vikivunjwavunjwa na kuoshwa vizuri kwa maji, navyo hufaa. Mipira ya plastiki yenye mikato ina nafasi ndogo kuliko hivyo, ila haizibi upesi.

Jambo la pili ni hewa. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki wanavyoihitaji. Matundu yakiwa membamba mno, uchafu huyaziba na ndani hugeuka kuwa mahali pasipopita maji. Na kwetu sisi kuna jambo ambalo maelezo yaliyoandikwa katika nchi za mbali aghalabu huliruka, nalo ni kukatika kwa umeme. Chujio lililofungwa ndani ya kopo, likisimama kwa saa nyingi, maji yaliyomo huishiwa hewa, bakteria hufa, na umeme ukirudi uozo ule humwagika tangini kwa mkupuo. Sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa hukaa wazi ndani ya tangi lenyewe, hivyo hata pampu ikisimama haifungiwi na maji machafu. Ni kitu cha bei nafuu, na kwa nyumba nyingi za kwetu ndicho kinachofaa zaidi.

Jambo la tatu ni kile ambacho nyumba yenyewe inakitoa katika maji, na hapa ndipo tunapolifikia jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina matundu, ndiyo maana muuzaji alilisifu. Lakini ni chokaa. Ukilidondoshea siki litatoa mapovu. Jiwe la volkano halitoi, wala kigae kizuri cha chungu. Jiwe la chokaa likikaa katika maji huyeyuka kidogo kidogo, huyafanya kuwa magumu na huyaondolea utindikali. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao maji ya kwao ndiyo hayo, hili ni jema. Kwa samaki waliotoka mito ya maji laini, kama ile ya Amazon, ni kuwahamishia ugenini. Tena kuna hatari ambayo muuzaji hakuitaja: kipimo cha pH kikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka takriban mara kumi. Katika tangi jipya ambalo bakteria hawajatulia, mfuko wa matumbawe ungeweza kuwamaliza wale watano waliosalia.

Silidharau jiwe hili. Bakteria wanapofanya kazi yao huongeza utindikali polepole, na mahali ambapo maji ya bomba ni laini sana, kipande kidogo cha chokaa huzuia maji yasiharibike. Lakini anayetumia maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, kama walivyo wengi wetu wa pwani, amekwisha kuipata chokaa yake bila ya kuiongeza.

Swali la pili ni la haki. Songo Mnara ni mji uliojengwa kwa jiwe hilo hilo. Tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, watu walikaa katika kisiwa hicho kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, wakajenga misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba zaidi ya thelathini, zote zikizungukwa na ukuta. Kuta walizijenga kwa jiwe gumu la matumbawe la nchi kavu. Kwa miimo ya milango na mihrabu walikata matumbawe mororo baharini, wakayachonga yangali laini, kisha yakakauka na kuwa magumu. Chokaa ya kuunganishia nayo waliichoma kutokana na matumbawe. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kwa kazi kubwa ya ukarabati yakatolewa humo mwaka 2014.

Kwa hiyo nilimwandikia mpwa wangu kwamba mawe yale yanahesabiwa. Nchi yetu inayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na jiwe lililoanguka chini ya ukuta bado ni la ukuta. Mafundi wa ukarabati huliokota wakalirudisha. Hata kama sheria isingekuwapo, miongoni mwa mawe hayo yamo yaliyobeba paji za uso za waliosujudu kabla yetu, na kando ya misikiti hiyo yamo makaburi yao. Mfuko mmoja ni mchache, lakini kila anayechukua husema ni mfuko mmoja.

Na matumbawe yaliyo hai baharini? Hayo ni makazi ya samaki wanaowalisha watu wa Songo Mnara hadi leo. Kuyavunja ni kuibomoa nyumba ya samaki elfu ili kuwapambia nyumba samaki watano. Katika mambo ya kusikitisha, hili linachekesha pia.

Wazee wa pwani walijua kuishi na samaki nyumbani bila ya haya yote. Katika nyumba kongwe za Lamu samaki wadogo waliwekwa ndani ya birika la maji ili wale viluwiluwi vya mbu. Hapakuwa na pampu wala pete za kauri. Mambo yalikwenda kwa sababu samaki walikuwa wachache, hawakutupiwa chakula kwa ajili ya kutazamwa, na maji yalichotwa na kuongezwa kila siku. Kuta za birika zenyewe zilikuwa makazi ya bakteria. Funzo lake halijachakaa: uchache wa samaki na uchache wa chakula ni sehemu ya usafi, na hakuna kijazo cha chujio kitakachoufuta ulafi wa mwenye tangi.

Nilimshauri basi mambo manne. Atie sponji ya pampu ya hewa, na pembeni yake vigae vya chungu vilivyopimwa kwa siki. Amwombe mwenzake mwenye tangi la siku nyingi kipande cha sponji kuukuu, kwani ndani yake wamo bakteria tayari, na kumpa mwenzio kipande hicho ni ihsani isiyogharimu kitu. Abadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili hadi makazi yale yajae, kazi ambayo huchukua wiki nne hadi sita, na maji mapya ayaache wazi siku nzima kwanza, kwa kuwa klorini ya bombani huwaua bakteria. Na sponji ikichafuka aikamue katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, asiifue kwa sabuni wala chini ya bomba, wala asiviondoe vyote kwa siku moja.

Kazi ya kuhesabu siku alipewa binti. Amechora mistari ukutani pembeni ya tangi, mmoja kwa kila wiki, na chakula hukitia yeye kwa ncha ya kidole. Baba yake ananiambia kwamba samaki watano wangali hai, na kwamba mtoto humkataza mgeni yeyote anayetaka kuwatupia makombo ya mkate.

Huo ndio malezi niliyoyataka. Mtoto ajue kwamba uzuri unaoonekana hubebwa na kazi isiyoonekana, kwamba wafanyakazi hao wanahitaji muda, na kwamba raha ya nyumbani kwetu haijengwi kwa kubomoa makazi ya wengine, wawe hai au wamekwisha kutangulia. Mwenyezi Mungu atujaalie kuvichunga vile alivyoviweka chini ya mikono yetu, vikubwa na vidogo. Amin.