Maktaba Inayotajwa kwa Namba

Aghalabu mtu anapoambiwa kwamba tarakilishi yake imekosa maktaba, humjia picha ya rafu na vitabu. Picha hiyo si mbaya. Katika mfumo endeshi wa Linux, maktaba ni faili yenye kazi ambazo zimekwisha kuandikwa: namna ya kupanga orodha, kuunganisha maneno au kusoma matini. Mwandishi wa programu hazirudii kazi hizo, huziazima. Maktaba moja huweza kuhudumia programu nyingi kwa wakati mmoja, ndiposa ikaitwa maktaba shirikishi. Lakini uazimaji huu una sharti: programu huitaja maktaba kwa jina na kwa namba.

Sharti hilo husahauliwa mpaka siku kompaila inapobadilishwa. Kompaila ndiyo programu inayotafsiri msimbo wa binadamu uwe lugha ya mashine, na iliyozoeleka zaidi katika Linux ni GCC, iliyotolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987 chini ya mradi wa GNU. Kwa lugha ya C++, GCC huja na maktaba yake yenyewe, libstdc++. GCC 3.2 ya mwaka 2002 ilikuja na libstdc++.so.5, GCC 3.4 ya mwaka 2004 ikaja na libstdc++.so.6. Tofauti ya tarakimu moja tu, lakini iliwatoa watu wengi jasho.

Chukulia mwanafunzi wa isimu wa wakati huo, mwenye programu ya C++ ya kuhesabu viambishi katika matini za Kiswahili, na tasnifu inayosubiriwa na msimamizi. Jioni anaboresha mfumo. Asubuhi programu inakataa kufunguka. Ujumbe unasema kwamba kumetokea kosa wakati wa kupakia maktaba shirikishi: libstdc++.so.5 haiwezi kufunguliwa, hakuna faili wala folda kama hiyo. Mwenye hofu husoma maneno ya mwisho tu, akadhani matini zake ndizo zilizopotea. Wapo waliofuta mfumo mzima na kuuweka upya, na hapo ndipo data ilipopotea kweli. (Ni kama kutibu jino kwa kukata kichwa.) Ilhali ujumbe ulikuwa umekitaja kiini cha tatizo katikati ya sentensi, kwa jina na namba.

Msomaji wa kamusi ataielewa hali hii upesi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili likatoka mwaka 2004. Aliyeandika daftarini mwake "ukurasa fulani, kidahizo cha tatu" akitumia toleo la kwanza, akifungua la pili huenda akakuta neno jingine kabisa. Toleo jipya halina kosa. Mpangilio ndio uliobadilika. Programu iliyokwisha kutafsiriwa nayo hutegemea mpangilio wa data kumbukumbuni. Kwa hiyo 6 si 5 iliyoboreshwa. Ni maagano mengine.

Uchunguzi huanza kwa amri ya ldd, ikifuatwa na jina la programu. Huorodhesha kila maktaba inayohitajika na mahali ilipo, na isiyopatikana hutajwa hivyo waziwazi. Kisha huja swali ambalo wengi hulipuuza: je, maktaba haipo, au ipo mahali pasipotazamwa? Kipakizi, yaani programu ndogo inayoziita maktaba, hutazama folda za kawaida kama /lib na /usr/lib, pamoja na zilizotajwa katika faili ya /etc/ld.so.conf. Aliyejitafsiria GCC mpya kutoka kwa msimbo wake kwa kawaida huikuta maktaba chini ya /usr/local. Huyo hana haja ya kupakua chochote. Aongeze njia hiyo katika faili, kisha aendeshe ldconfig ili faharasa ya kipakizi isasishwe.

Ikiwa maktaba haipo kabisa, ya zamani yaweza kurejeshwa kando ya mpya. Debian iliiweka katika kifurushi cha libstdc++5. Hazigombani, kwa kuwa majina yao ni tofauti. Mwenye msimbo wa programu yake ana njia bora zaidi: aitafsiri upya kwa kompaila mpya.

Kuna njia ya mkato iliyopendwa mno: kuunda kiungo chenye jina la namba 5 kinachoelekeza kwenye namba 6. Huo ni udanganyifu usiofika mbali. Kipakizi huifungua faili, kikatafuta ndani yake lebo ya GLIBCPP_3.2, kisiione, kwa maana lebo za namba 6 huanza na GLIBCXX. Kosa limebadilika sura tu, na sasa ni gumu zaidi kulisoma.

Tangu mwaka 2004 namba 6 imedumu, na matoleo yaliyofuata yakawa yanaongeza lebo ndani yake. Tatizo basi likageuka: programu iliyotafsiriwa kwa GCC mpya hupelekwa kwenye seva kuukuu ya idara, ikaikuta maktaba yenye jina sahihi, lakini ikalalamika kwamba lebo ya GLIBCXX_3.4.29 haimo. Hapo amri ya ldconfig haifui dafu. Programu hutafsiriwa kwenye mashine kuukuu yenyewe, au husafirishwa pamoja na maktaba yake.