Wasichana na KCSE: nani huhesabiwa, nani huachwa nje?

Bila shaka picha hii unaijua. Siku ya kutangazwa kwa matokeo ya mtihani wa KCSE, magazeti na runinga hujaa wasichana waliovalia sweta za shule wakimbeba mwalimu wao mkuu juu kwa juu, viatu vyake vikining'inia hewani, kina mama wakipiga vigelegele na baba mmoja asiyejua kucheza akirukaruka kofia mkononi. Huipenda sana picha hiyo. Hata hivyo, macho yangu hayakai kwa walio mbele. Huwatafuta wale waliosimama nyuma karibu na ua, wanaopiga makofi polepole.

Nilisoma katika shule ya umma ya wasichana, ya bweni, katika uliokuwa Mkoa wa Kati, na nikafanya mtihani huo mwaka 2006. Jina la shule halitakusaidia kitu kwa sababu zilizofanana nayo zilikuwa tele. Haikuwa shule ya kitaifa kama Alliance Girls au Kenya High. Ilikuwa shule ya mkoa, yenye mabweni ya mabati, maji ya kuteka kwa zamu, githeri siku nenda siku rudi, na kiu kubwa ya kutajwa gazetini. Miaka hiyo magazeti yalichapisha orodha ndefu za shule zilizofanya vyema. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amebandika ukurasa mmoja wa orodha hizo kwenye ubao nje ya ofisi yake, na jina la shule yetu limezungushiwa wino mwekundu. Yeyote aliyeitwa ofisini, hata kwa kosa la kuchelewa gwaride, aliusoma ukurasa huo kabla ya kubisha mlango.

Ili unielewe, acha kwanza tufanye hesabu ndogo. Katika KCSE, alama ya A ni pointi 12, A- ni 11, na kuendelea kushuka hadi E ambayo ni pointi 1. Mwanafunzi akijumlishiwa masomo saba, kilele ni pointi 84. Wastani wa shule hupatikana kwa kujumlisha wanafunzi wote na kugawanya kwa idadi yao. Sasa chukua shule yenye watahiniwa 100. Tuseme 90 kati yao wana wastani wa B, yaani pointi 9, na 10 waliobaki wana D, ambayo ni pointi 3. Wastani wa shule utakuwa 8.4. Waondoe wale kumi na utapata 9 kamili. Hakuna aliyefundishwa chochote zaidi, hakuna kitabu kilichonunuliwa, hakuna mwalimu aliyeamka mapema, lakini shule "imepanda". Huo ndio mtego wenyewe, na kusema kweli simshangai mwalimu mkuu anayeutazama usiku na kushawishika.

Wetu alishawishika. Tukiwa kidato cha nne, muhula wa kwanza, kabla ya usajili wa watahiniwa kufungwa, wasichana tisa waliitwa ofisini baada ya chakula cha jioni. Jirani yangu wa kitanda cha juu alikuwa miongoni mwao. Aliporudi bwenini hakulia. Alipanda kitandani na viatu vyake, jambo ambalo kwetu lilikuwa kosa la adhabu, akageukia ukuta. Asubuhi ndipo aliponieleza. Waliambiwa kwamba kwa maslahi yao wenyewe ingefaa wajisajili kama watahiniwa wa kibinafsi katika kituo kingine. Wangekuwa huru, waliambiwa, wangesomea nyumbani bila presha.

Bila presha! Huyu alikuwa msichana aliyetoka nyumba ya vyumba viwili yenye watoto sita na taa moja ya mafuta. Nyumbani hakungekuwa na kusoma. Kungekuwa na kukama ng'ombe, kulea wadogo, na baada ya miezi michache huenda kungekuwa na mwanamume wa kuja kuuliza mahari.

Wazazi waliandikiwa barua. Baadhi yao waliitikia haraka, kwani mzazi wa kijijini miaka hiyo hakuwa na mazoea ya kumpinga mwalimu mkuu. Baba ya rafiki yangu hakuitikia. Alifika Jumatatu asubuhi akiwa amevaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye benchi chini ya ule ukurasa wenye wino mwekundu, kofia magotini. Aliambiwa mwalimu mkuu yuko mkutanoni. Akasema atangoja. Tulipotoka kwenda chai ya saa nne alikuwa pale, na tulipotoka kwenda chakula cha mchana alikuwa pale. Karani wa ofisi ndiye aliyetupasha baadaye maneno aliyoyasema alipoingia: "Mwalimu, mtoto huyu nilimleta hapa na barua ya Wizara. Nipe barua ya Wizara inayoniambia nimwondoe, nami nitambebea sanduku lake mwenyewe."

Barua kama hiyo haikuwepo. Msichana akabaki. Habari zilienea, na wazazi wengine watatu wakaja na swali lilo hilo. Kwa hivyo wanne walibaki na watano wakaenda. Vitanda vyao vitano vilikaa hivyo, magodoro yamekunjwa, hadi tulipomaliza shule.

Nimetaja wazazi, lakini pia kuna mwalimu ambaye sina budi kumtaja. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nyembamba, tuliyemwita Madamu kama walimu wote wa kike. Wiki hiyo aliingia darasani, akaandika tarehe ubaoni, akatugeukia na kusema, "Waliobaki wote ni wangu. Wanaotaka, wanipate hapa saa kumi na moja alfajiri." Wale wanne walikwenda, na baadhi yetu tukafuata, si kwa wema bali kwa woga wa mtihani.

Hakuanza na mtaala wa kidato cha nne. Alianza na sehemu, zile za darasa la tano: nusu ukiongeza theluthi ni ngapi? Kumbe wengi wetu tulikuwa tumebeba shimo hilo kwa miaka saba, tukijenga juu yake aljebra na trigonometria. Kila mmoja alitakiwa awe na daftari la makosa. Swali ulilokosa uliliandika humo, ukaandika ulipokosea, kisha ukalirudia baada ya wiki moja. Pia alitufunza kuisoma karatasi yenyewe. Karatasi ya Hisabati ina sehemu ya kwanza yenye maswali mafupi 16 ya lazima, jumla alama 50, na sehemu ya pili ambapo unachagua maswali matano kati ya manane kwa alama 50 nyingine. Mtahini hutoa alama kwa hatua, si kwa jibu la mwisho tu. Msichana anayeogopa huona jibu halijulikani akaacha ukurasa mweupe. Madamu alikuwa akipita kati ya madawati akisema, "Niachie alama mbili hapa. Usiniachie karatasi tupu."

Nakumbushia kwamba katika miaka hiyo wastani wa kitaifa wa somo la Hisabati ulikuwa chini ya asilimia 25 mwaka baada ya mwaka, wavulana na wasichana kwa pamoja. Ripoti za Baraza la Mitihani zimezoea kuonyesha wasichana wakiwashinda wavulana katika Kiingereza na Kiswahili, nao wavulana wakitangulia katika Hisabati na masomo ya sayansi. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa ubongo. Mimi nililiona kwa macho: shule ya wavulana iliyokuwa ng'ambo ya mto ilikuwa na maabara mbili, nasi tulikuwa na moja ambamo wasichana watano walishirikiana kutumia chupa moja ya kupimia asidi, mmoja akifanya na wanne wakitazama. Kisha kulikuwa na zile siku za mwezi. Serikali iliondoa ushuru wa sodo mwaka 2004, lakini msichana asiye na shilingi hata kumi huondolewi taabu kwa kupunguziwa bei. Sheria ya kumpa kila mwanafunzi wa shule ya umma sodo bila malipo ilikuja mwaka 2017. Sisi tulikuwa na wenzetu waliobaki bwenini kwa siku tatu kila mwezi wakisingizia tumbo, na Hisabati haikuwa ikiwangoja.

Matokeo yakaja. Huenda unatarajia nikwambie kwamba wale wanne walipata A na mwalimu mkuu akapiga magoti. La hasha. Rafiki yangu alipata C, na D+ katika Hisabati. Wawili walipata C- na mmoja D+. Shule haikupanda, wala haikuporomoka. Mimi nilipata B-. Ingawa C+ ndiyo iliyokuwa alama ya chini ya kufuzu kwa chuo kikuu, nafasi katika vyuo vikuu vya umma zilikuwa chache mno kwa mtu wa alama yangu, nikaelekea chuo cha uanahabari.

C ile, msomaji, usiidharau. Ndiyo alama iliyomwezesha rafiki yangu kuingia chuo cha walimu wa shule za msingi. Hadi leo anafundisha, na mwaka juzi aliponitembelea alinionyesha picha ya darasa lake kwenye simu. Nilipoikuza picha niliona, juu ya kila dawati, daftari la pili lenye jalada jekundu. Sikuhitaji kuuliza ni la nini.

Kuhusu wale watano, ninajua habari za wawili. Mmoja alifanya mtihani katika kituo cha mbali akiishi kwa shangazi yake, akapata alama ambayo hajapenda kuitaja kwa mtu yeyote. Mwingine alijisajili lakini siku ya karatasi ya kwanza hakufika. Alikuwa mjamzito. Katika hesabu ya shule yetu ya mwaka huo, hakuna pahali popote wanapoonekana. Hawakufeli, hawakupita. Hawakuwepo.

Utaniambia mambo hayo yalipitwa na wakati. Kweli, mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo. Kweli pia kwamba mwaka 2016, udanganyifu ulipobanwa, watahiniwa 141 pekee nchini kote ndio waliopata A, na shule kadhaa zilizokuwa zikiimba kila mwaka zilinyamaza ghafla. Tangu 2023 hata ukokotoaji umelegezwa: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi mwanafunzi. Lakini pita karibu na lango la shule yoyote mwezi Januari. Bango liko pale, wastani umeandikwa hadi nukta ya tatu. Orodha iliyotolewa gazetini ilihamia langoni.

Nayo idadi kubwa ya watoto haimo kwenye bango. Katika mtihani wa mwaka 2024 kulikuwa na watahiniwa 962,512, wasichana wakiwazidi wavulana kidogo. Waliopata A walikuwa 1,693. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, takriban robo. Robo tatu, msomaji! Watoto wa robo hizo tatu ndio wanaoketi sebuleni kwako na kwangu wiki hiyo, wakijifanya wanatazama runinga.

Ninayo sababu ya kuyaandika haya sasa. Binti ya kaka yangu aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 katika shule ya umma ya wasichana. Wao ndio darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4, watakaofanya KCSE mwaka 2027, na baada yao hakuna wa kuwafuata kwa njia hiyo. Shule nyingi zinataka kuuaga mfumo huu kwa kishindo. Muhula uliopita kaka yangu alikuwa safarini, nikamwakilisha katika mkutano wa wazazi. Tulionyeshwa ukutani wastani wa mwaka jana, wastani unaolengwa, na mshale mkubwa wa kijani ukielekea juu. Wazazi tukapiga makofi. Tukaombwa mchango wa "motisha" kwa walimu. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, kisha akafungua kibeti chake kama sisi wote.

Wakati wa maswali niliinua mkono. Niliuliza mambo mawili tu: wasichana walioingia kidato cha kwanza pamoja na waliofanya mtihani mwaka jana walikuwa wangapi, na walioketi kufanya mtihani huo hapa shuleni walikuwa wangapi? Ukumbi ulitulia kidogo. Mwalimu mkuu, mtu mstaarabu na mwenye adabu, alipekua karatasi zake, akatabasamu, akasema takwimu hizo ziko ofisini na kwamba atazileta katika mkutano ujao.

Tulipotoka nje mpwa wangu alinivuta kando. "Shangazi," akaninong'oneza, "kwa nini uliuliza hivyo mbele ya watu? Sasa watanijua."

Nikamuuliza darasani kwao wako wangapi. Akahesabu kwa vidole, akitaja mabweni mojamoja. Walikuwa 54 walipoingia, akasema. Sasa ni 49. Mmoja alihamia Mombasa na wazazi wake. Wale wanne wengine hakujua walikokwenda.

Mkutano ujao ni mwezi ujao, Jumamosi saa tatu asubuhi. Kaka yangu amesema atakuwa amerudi, lakini nimemwomba twende sote wawili.