Na 1971 Je?

Nilipokuwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, niliandika kwamba Pakistan ilizaliwa mwaka 1947 kwa sababu Waislamu wa Bara Hindi walikuwa taifa moja. Mhariri wangu akaizungushia duara sentensi ile, akaandika pembeni: "Na 1971 je?" Sikuwa na jibu.

Nikaanza kusoma. Pakistan ilikuwa na pande mbili, katikati kilomita kama 1,600 za ardhi ya India. Zaidi ya nusu ya raia waliishi Mashariki, na wengi wao walisema Kibengali. Machi 1948 Jinnah alikwenda Dhaka akatangaza kuwa lugha ya taifa ni Kiurdu, basi. Tarehe 21 Februari 1952 polisi wakawafyatulia risasi waandamanaji, wengi wao wanafunzi, waliodai Kibengali nacho kitambuliwe. Tarehe hiyo ndiyo leo Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. Wengi tunaisherehekea bila kujua kuna damu ndani yake.

Kilichonigusa zaidi ni redio. Mwaka 1967 serikali ilitangaza kuzizuia nyimbo za Tagore, eti haziendani na utamaduni wa Pakistan. Kweli, Tagore hakuwa Mwislamu. Lakini Waislamu wa Dhaka waliziona nyimbo zile kuwa zao. Bangladesh ilipopatikana kwa vita vya 1971, mmojawapo ukawa wimbo wa taifa.

Hapo nilitaka kushangilia: lugha imeishinda dini! Kumbe nimewahi mno. Katiba ya 1972 ilitaka raia wote waitwe Wabengali. Mbunge mmoja, Manabendra Narayan Larma, Mchakma, alikataa bungeni: yeye ni raia wa Bangladesh, lakini Mbengali siye. Na mwaka 1988 Uislamu ukafanywa dini ya taifa. Dini iliyodhaniwa imetoka mlangoni ilikuwa bado imo ndani.

Larma ndiye aliyeninyima usingizi. Bibi yangu alifariki na lugha yake. Mimi nilibaki na Kiswahili, nikakisomea hadi chuo kikuu, na sikuwahi kuhesabu hiyo kuwa hasara. Nilidhani dini ndiyo hugawa watu, lugha huwaunganisha tu. Bibi hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza.

Siku hizi nikikuta "taifa moja" kwenye habari ya kijana wetu yeyote, naizungushia duara. Pembeni naandika: "Na Larma je?"