Raketi ya nguvu, meza ya mtaani na hesabu ya sentimita 30

Haya wasomaji wangu, wiki hii hakuna hifadhidata wala seva. Najua nilikuwa nimewaahidi sehemu ya pili ya makala ile, itakuja. Nimepewa kazi nyingine na dada yangu, na mwenye dada anayefanya kazi Muscat anajua kwamba kazi ya namna hiyo haisukumwi hadi wiki ijayo.

Dada amemtumia mwanawe raketi ya tenisi ya meza. Si zile za supamaketi zinazouzwa mbili pamoja na wavu na mipira mitatu. Hii ni raketi ya mashambulizi, ya kuungwa: ubao wa tabaka saba, tano za mbao na mbili za nyuzi za kaboni, raba nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili, kila raba ikiwa na sponji ya milimita 2.1. Sitataja kampuni kwa sababu hili si tangazo. Bei yake ni karibu kodi ya bedsita kwetu Eastlands kwa miezi mitatu. Dada mwenyewe hajawahi kushika raketi maishani. Alimwambia mwenye duka ampe yenye nguvu kuliko zote, akapewa. Kisha akanipigia simu: "Kaka, wewe ni mtu wa mitambo. Niambie ukweli, hiyo kitu itamsaidia mtoto ama nimetupa pesa?"

Swali si la mzaha. Mpwa wangu ana miaka 15. Kocha wao anachagua vijana wanne wa kwenda kucheza nje ya mtaa mwezi ujao, na kwa hesabu ya kila mtu pale ukumbini kijana wetu ni wa nne au wa tano, inategemea ni siku gani umemtazama. Akibadilisha raketi sasa, ama anapanda au anaanguka.

Kwa wasiojua Eastlands: mitaa ya zamani kama Kaloleni, Maringo, Jericho na Mbotela ilijengwa na halmashauri ya jiji, mingine na kumbi zake. Ukumbi wa Kaloleni ni wa miaka ya 1940 na wanasiasa wa kupigania uhuru walikutania humo. Ukumbi wetu hauna historia kubwa hivyo, lakini una meza moja ya tenisi, na foleni ya kuichezea huanza shule zikifungwa jioni. Ukishindwa unatoka, anaingia mwingine. Ndiyo maana vijana wetu wanajua kuzuia kuliko kushambulia. Anayepiga kwa pupa anatoka mapema na kukaa kwenye benchi nusu saa.

Basi nikaanza kupima. Kijana alikuwa ameshatoa hukumu yake ("Anko, hii ni moto!"), lakini mimi sikubali programu kwa kuambiwa ni moto.

Njia ni rahisi na mtu yeyote mwenye rununu anaweza kuirudia. Ukiangusha mpira kutoka sentimita 30, ukagonga, ukaruka, ukagonga tena, muda kati ya mgongo wa kwanza na wa pili unakuambia uliruka juu kiasi gani. Chukua muda huo kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa 9.81, gawanya kwa 8. Hapo una kimo kwa mita (upepo nimeupuuza, mnisamehe). Nilirekodi sauti kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, nikaandika programu ya Python ya mistari kama 40 inayotafuta vilele viwili vya kelele na kutoa tofauti. Kushika raketi mkononi hakufai kwa sababu mkono unameza nguvu, kwa hiyo nilimwendea fundi wa chuma pale kando ya Jogoo Road, akanibania mpini kwenye jiliwa. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha naye akataka kuangusha mpira.

Raketi ya zamani ya kijana, ubao wa mbao tupu wa tabaka tano na raba iliyochoka, ilitoa wastani wa milisekunde 355. Hiyo ni sentimita 15 na nusu. Raketi mpya ilitoa 395, yaani sentimita 19. Ukigeuza vimo kuwa kasi, raketi ya zamani inarudisha asilimia 72 ya kasi ya mpira, mpya asilimia 80. Mpya imeizidi ya zamani kwa takriban asilimia 11. Mpira wa kuanguka sentimita 30 unafika kwa mita 2.4 hivi kwa sekunde tu, na mchezo wa kweli una kasi kubwa zaidi, kwa hiyo msizichukue namba hizi kama msahafu. Lakini kwa kulinganisha raketi mbili zinatosha.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na naomba mnivumilie kidogo. Mpira unaotoka kwenye raketi una kasi ya aina mbili. Sehemu moja ni ile uliyokuja nayo, ikazidishwa kwa 0.72 au 0.80. Sehemu ya pili ni ile ya mkono wako, na hiyo huzidishwa kwa moja kujumlisha namba hiyo hiyo: 1.72 au 1.80. Gawanya uone. Kwenye sehemu ya mkono, raketi mpya inaongeza karibu asilimia 5 tu. Kwenye mpira unaozuia ukiwa umetulia, inaongeza zile 11 zote. Kwa maneno mengine, raketi ya nguvu inampa nguvu nyingi zaidi yule ambaye hakuziomba. Meza ina urefu wa mita 2.74. Mpira wa kuzuia ambao ungetua sentimita 20 kabla ya ukingo, ongeza asilimia 11 ya mwendo wake, umeshapita ukingo na uko sakafuni.

Na mpwa wangu, kama nilivyosema, ni mzuiaji.

Tulikwenda ukumbini Jumamosi asubuhi kabla foleni haijaanza. Kwa kuzuia mipira 50 niliyompigia, aliweka mezani 41 akiwa na raketi ya zamani na 28 akiwa na mpya. Kwa kushambulia mambo yaligeuka: mpya ilimpa mzunguko ambao hajawahi kuwa nao, mpira unapanda juu ya wavu kisha unazama kama umefungwa jiwe. Ile si kaboni, ile ni raba. Raba mpya inashika mpira, ya zamani ilikuwa imekuwa laini kama kioo na mpira unateleza tu. Ndipo nikaanza kushuku kwamba dada amenunua vitu viwili ndani ya kimoja, kizuri na cha mapema.

Nilipima na meza yenyewe nikiwa pale. Kanuni zinataka mpira ulioangushwa kutoka sentimita 30 uruke kama sentimita 23. Katikati ya meza yetu unaruka karibu sawa na hivyo. Kwenye kona moja, ile iliyo karibu na mlango ambako maji ya mvua huingia, unaruka chini ya 19. Vijana wote wanaijua kona hiyo na wanailenga kwa makusudi. Ukimpeleka mtoto kwenye meza nzuri, nusu ya pointi zake za nyumbani zinabaki hapo mlangoni.

Mjadala huu wa vifaa si wa kwetu pekee. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia huko Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na raketi yenye sponji nene, akawashinda wote na kuchukua ubingwa. Baada ya hapo zikaja kanuni: sponji na raba pamoja na gundi zisizidi milimita 4, na ubao uwe mbao ya asili kwa angalau asilimia 85 ya unene wake. Miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya waligundua kwamba gundi ya kuziba pancha za baiskeli inaifanya sponji ivimbe na kurusha mpira kwa kasi zaidi. Gundi hizo zilipigwa marufuku mwaka 2008 kwa ajili ya mvuke wake. Na pickleball, ule mchezo uliozaliwa Bainbridge Island, Marekani, mwaka 1965, unapitia hayo hayo sasa: mwaka 2024 shirikisho la huko liliondoa raketi kadhaa kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, na likaleta kipimo cha jinsi raketi inavyorudisha mpira. Kipimo chao kinatumia mtambo wa kufyatua mipira, changu jiliwa la fundi, lakini swali ni moja.

Jioni nikampigia dada. Nilimweleza yote, hata hesabu. Akanyamaza, kisha: "Kwa hivyo nimenunua ubao wa kukaa kabatini?"

Nikamwambia ubao ukae, ndiyo, labda mwaka mmoja, mpaka mkono wa kijana ujifunze kuzungusha badala ya kusimama. Kaboni haiozi. Lakini raba nyekundu itaanza kazi kesho: tunaibandua kwenye ubao mpya na kuibandika upande wa mbele wa ubao wake wa zamani. Upande wa nyuma, anaozuia nao, unabaki na raba yake nyeusi nyembamba, maana kanuni zinataka rangi mbili tofauti na hilo tunalo tayari. Hivyo anapata mzunguko pale anaposhambulia bila kupoteza mikono yake pale anapozuia. Dada alicheka kidogo, akasema angalau nusu ya pesa yake imepata kazi.

Mkali alikuwa kijana. Kuona raketi yake mpya ikibanduliwa mbele ya macho yake lilikuwa jambo zito, na kwa siku mbili aliniita "mjomba" kwa adabu yote badala ya "anko". Raba mpya ilibanduka vizuri kwa sababu ilikuwa na gundi ya maji. Ya zamani ilichanika vipande vitatu. Nilikata kingo kwa wembe, nikaacha chini ya kamusi usiku kucha.

Jana nilirudia mipira 50 ya kuzuia: 40. Kushambulia sikumhesabia, nilikuwa naokota mipira.

Mchujo ni Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao. Mwenye kutaka ile programu ya kupima mgongo aniandikie, nitamtumia faili. Inahitaji chumba kisicho na kelele, kwa hiyo kama unaishi karibu na stendi ya matatu, pima alfajiri.