Mwarobaini na Muhugu

Sifa za kinyago humwendea mchongaji. Aliyeleta gogo husahaulika. Kwa miaka mingi wachongaji wa Malindi walitumia muhugu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani na Matsangoni. Muhugu hukua polepole, na shoka halina subira. Ndipo wachongaji, wakihimizwa na wahifadhi, walipowageukia wakulima wa pwani na mwarobaini wao wa shambani, mti unaokua upesi. Mapatano hayo yana masharti: mkulima apande anapokata, mchongaji aukaushe mti vyema usije ukapasuka, mnunuzi naye alipe bei ya haki. Mwarobaini husifiwa kutibu maradhi arobaini. Hautautibu msitu iwapo aliyeupanda atapunjwa.