Daka la Nyumba ya Lamu na Mlango wa Simu



Msafiri wa Lamu akishapita Malindi, Garsen na Witu, hufika Mokowe, na hapo gari humwaga. Huteremka gatini, akaingia botini, na punde mji wa mawe ukamtokea juu ya maji, punda wakipita ukingoni na mizigo yao. Nilifika huko baada ya alasiri, nikapokewa na jamaa zangu katika nyumba moja kongwe ya mtaa wa Mkomani.

Mji huu uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wengi husifu nakshi za milango yake. Mimi safari hii niliutazama mpango wa nyumba. Mbele ya mlango kuna daka, lenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba humkalisha mtu asiyemjua vyema. Ukivuka mlango kuna tekani, na njia hupinda, ili apitaye nje asione ndani. Kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, penye zidaka na faragha ya watu wa nyumba. Juu ya baadhi ya vichochoro limejengwa wikio, kivuko cha kuunganisha nyumba na nyumba, ambacho wanawake walipitia kwa jirani pasi na kushuka njiani. Waliojenga hivyo hawakuukataa ulimwengu. Lamu ni bandari, na wageni wamekuja tangu zamani. Walimwekea kila mgeni kikomo chake.

Usiku, baada ya isha, Bi Mkubwa wa nyumba aliniita kiwandani. “Maalim,” alisema, “mgeni amepita daka na tekani, akafika ndani, na hakuna aliyemsikia akipiga hodi.”

Mjukuu wake wa miaka 14 alizungumza kwa simu, kwa miezi, na mtu aliyejiita msichana wa Mombasa. Wakapeana siri za shuleni na za nyumbani. Kisha mtu yule akaomba picha ya faragha; alipoipata moja, akatishia kuisambaza kwa jamaa zake asipopewa nyingine. Mtoto akanyamaza wiki tatu. Akaacha kula vyema, akaanza kusingizia maradhi ili asiende chuoni. Mwisho alimwambia bibi yake, kwa kuwa bibi alikuwa amemuahidi zamani: “Likikufika jambo, nitakusikiza kwanza.”

Mama mtu alitaka kuivunja ile simu. Bi Mkubwa akamzuia. “Ukiivunja,” alimwambia, “huyu mdogo wake, siku yake ikifika, hatatwambia.”

Niliinamisha kichwa, kwani neno lile lilinifika mimi. Miaka michache nyuma nilimnyang'anya mwanangu simu kwa ghadhabu, nikadhani nimemaliza kazi ya malezi. Alitafuta nyingine, akaificha, na kwa karibu mwaka mzima sikujua anazungumza na nani. Niliufunga mlango mmoja, naye akatoboa ukuta.

Ndugu wasomaji, na hasa akina mama, katika Suratun-Nur Mola wetu ametufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na katika Suratul-Hujurat ametukataza kupelelezana. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hukaa na kundi lake mchana. Hajifichi kichakani kulivizia. Basi mtoto na ajue kwamba tunaangalia, ajue tunaangalia nini, na kwa nini.

Tuijengee simu daka lake. Usiku simu zote, na zetu wazazi pia, zilale msanani, zisiingie vyumba vya kulala. Kaeni na mtoto mfunge akaunti yake ili asiyemjua asiweze kumwandikia. Mfundisheni kwamba anayesema “usimwambie mama” amekwisha kujitambulisha. Na wikio tulirudishe: akina mama mpashane habari za hatari, pasi na kutaja aibu ya mtoto wa mtu.

Likishatokea, msimlaumu mtoto. Msilipe, wala asitume picha nyingine, kwa maana mtishaji akipewa huzidi kudai. Msifute ujumbe, kwani ndio ushahidi. Uhifadhini, kisha mfungieni mtu yule. Pigeni simu nambari 116, inayosaidia watoto nchini Kenya bila malipo, na mpeleke habari polisi. Mwenye kosa mbele ya sheria ni yule mtishaji.

Wenyeji wangu walifanya hivyo. Jambo lingali mikononi mwa polisi, na hofu haijaisha nyumbani. Lakini asubuhi niliyoondoka, nikiwa nimeketi dakani nikingojea mchukuzi, binti yule alipita na juzuu yake kifuani kwenda chuoni. Alinitolea salamu, nikamuitikia. Bi Mkubwa, aliyenipa idhini ya kuyaandika haya bila majina, alisimama mlangoni akimtazama hadi alipokata kona.

Mola atuhifadhie vizazi vyetu, na atupe vifua vya kuwasikiza. Amin.