Neno Refu Lina Viungo

Maneno marefu ya Kiholanzi humtisha mtu kabla hajayasoma. Chukua arbeidsongeschiktheidsverzekering: herufi 33 zilizoshikana bila nafasi hata moja. Ni bima ya mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu. Ndani yake mna arbeid, yaani kazi, ongeschiktheid, kutoweza, na verzekering, bima. Zile s mbili zinazobaki katikati ni gundi tu.

Jina la kitu chenyewe liko mwisho. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tumezoea kulikuta mwanzo, bima ya kitu fulani, basi macho yetu hulitafuta mahali lisipokuwapo na kuchoka kabla ya kulifikia.

Ulimi nao una mazoea yake. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Tukikutana na angstschreeuw, ukelele wa hofu, lenye konsonanti nane mfululizo katika maandishi, twatamani kupachika i na u kila penye pengo. Kumbe lina silabi mbili tu: angst, schreeuw. Mkazo vilevile: katika ziekenhuis, hospitali, Mholanzi hukaza zie, ilhali sisi tungekaza ken.

Na ukikata vibaya, maana hukimbia. Massagebed ukiligawa massage-bed ni kitanda cha kukandia mwili. Ligawe massa-gebed, limekuwa sala ya umati, na g imehama kutoka sauti laini ya Kifaransa hadi kooni, karibu na gh ya ghali. Herufi ni zile zile.

Lugha hii imenifundisha kutazama viungo hata nje ya vitabu. Ndugu wawili waliokosana miaka mingi, ugomvi wao ukiubeba wote kwa mkupuo utasema haumaliziki. Uangalie vizuri: hapa pana shamba la mirathi, pale pana neno lililotamkwa msibani, na katikati kimya kilichoviunganisha. Shamba lina mpimaji wake. Neno la msibani linataka kuombana radhi. Wasuluhishi wengi huukata ugomvi pale walipochoka kusikiliza, ndiyo maana unarudi.

Ndugu yangu uliyefika Rotterdam au Antwerp, ukipokea barua ya serikali yenye neno la namna hii, usiikunje. Shika penseli. Tafuta neno la mwisho, piga mstari kabla yake, kisha rudi nyuma kiungo kimoja kimoja. Ukimaliza, lisome kwa sauti.